Siwezi

Mlango ulifunguka kabla sijabonyeza kengele mara ya pili. Akatokea mzee wa Kihindi, kavaa sweta juu ya shati na huo ni mwezi wa sita, akaangalia ua la utepe la chama nililobandika kifuani, akaangalia vipeperushi mkononi, kisha akaniangalia usoni. Nikaanza hotuba yangu ya sekunde kumi na tano kwa Kiingereza changu cha kampeni, akainua kiganja kunisimamisha. Akauliza natoka nchi gani.

Nikasema Tanzania.

"Tanzania wapi?"

Hilo la pili aliuliza kwa Kiswahili.

Nikajikuta nimeshasema shikamoo kabla ya kujibu swali. "Marahaba," akasema, bila kushangaa hata kidogo, kama vile kakaa barazani kwake na mimi ni mtoto wa jirani nimetumwa chumvi. Nikamwambia Kigoma. "Kigoma Ujiji au Mwanga?" Mwanga. Akageuka ndani akamwita mkewe kwa Kigujarati, na katikati ya Kigujarati hicho nikadaka neno moja tu ninalolijua: migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika.

Ilikua Jumamosi, tarehe 22 Juni 2024, Leicester, mtaa mmoja nyuma ya Belgrave Road, siku kumi na mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Uingereza. Dakika arobaini baadaye nilitoka kwenye nyumba ile nimeshiba, na sentensi moja niliyokua naitembeza mitaani kwa wiki tatu ilikua imefia mikononi mwangu.

Au ingekua imekufa, kama ningekua muungwana.

Nimekaa na hii kitu tangu siku ile. Tasnifu haiendi. Msimamizi wangu nimemwambia ni matatizo ya data.

## Nilivyoingia

Naruka yale ya Sunak, waziri mkuu wao wa wakati ule, kulowa mvua mbele ya Downing Street akitangaza uchaguzi, ile video mmeiona wote. Mimi nilikua namalizia masomo ya darasani, nimebakiza tasnifu, na kusema ukweli sikujitolea kwa sababu ya itikadi. Nilijitolea kwa sababu ya upweke. Nilikua nimemaliza majira ya baridi yote bila kuongea na Mwingereza kitu kingine zaidi ya "asante" kwa dereva wa basi. Hapa kila mtu anamshukuru dereva akishuka, hiyo niliipenda kwa kweli, lakini huwezi kuishi kwa asante moja kwa siku. Nikaona tangazo kwamba wanatafuta watu wa kupita nyumba kwa nyumba, nikauliza kama mgeni anaruhusiwa, wakasema anaruhusiwa, nikaenda.

Chama sikitaji. Nikikitaja nusu yenu mtaanza kusoma chama badala ya kunisoma mimi.

Nilitegemea kampeni. Yaani kampeni kama tunavyoijua, gari la matangazo, muziki, kofia, khanga, vumbi. Hakuna. Kampeni ya huku ni miguu. Mnakutana watu sita kwenye kona, mratibu ana orodha ya majina ya mtaa mzima, mnagawana upande wa namba witiri na upande wa namba shufwa, mnagonga. Mtu akifungua unamuuliza ameamua nini, unaandika: wetu, wao, hajaamua, hataki kusikia. Kazi yenyewe siyo kumshawishi mtu, hilo lilinichukua muda kulielewa. Kazi ni kujua nani wa kwenda kumkumbusha siku yenyewe. Asipokuwepo unasukuma kipeperushi kwenye kitundu cha barua mlangoni, na hapo wazoefu wanakuja na mwiko, mwiko kabisa wa kupikia, unasukumia karatasi ndani ili mbwa aliyejificha nyuma ya mlango aume mti asiume kidole. Mimi nilinunua wangu wa pauni moja.

Siku ya kwanza tulielezwa pia kwamba ni kosa la jinai kumpa mpiga kura chakula au kinywaji ili akupigie. Nikauliza hata sambusa? Hata sambusa. Nikakumbuka takrima, nikacheka peke yangu, hakuna wa kumweleza.

## Sentensi

Mlango wa tatu wa siku ya kwanza. Jamaa wa makamo, tattoo mpaka shingoni, anasema hapigi kura, wote walewale. Na mimi bila kupanga, kwa sababu tu nilitaka kusema kitu kabla mlango haujafungwa, nikamwambia: mimi siwezi kupiga kura hapa. Wewe unaweza.

Akanyamaza.

Akanyoosha mkono, akachukua kipeperushi, akasema sawa, nitafikiria.

Mratibu wetu alikua upande wa pili wa barabara, akasikia. Dada wa miaka ishirini na kitu, usiku hapati usingizi, anakula chipsi ndani ya gari, sauti imekauka, mtu mzuri sana kwa kweli na hilo nataka mlikumbuke tukifika mbele. Jioni akaandika kwenye grupu la WhatsApp kwamba kila mtu ajifunze kutoka kwa Mtanzania wetu. Mtanzania wetu! Nilisoma ile meseji mara kumi. Miezi tisa niko nchi hii, ndio mara ya kwanza kuitwa wa mtu.

Basi nikawa na sentensi. Nikaichonga. Nilijua wapi pa kupumua, nilijua nikisema "siwezi" niangalie chini kidogo, nikisema "wewe unaweza" niinue macho. Iliwagusa wazee hasa, na vijana wasiojali. Kuna bibi mmoja machozi yalimlenga. Wengine waliniuliza kwetu ni wapi, nikisema Afrika Mashariki wananiuliza ni karibu na Rwanda, maana mwaka huo Rwanda ilikua kwenye televisheni yao kila siku kwa sababu ya ule mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Kigali, nami nawajibu ndiyo, kwetu na Rwanda si mbali, wanakosa pa kuangalia. Aibu ya mtu ukiijua kuitumia inakusaidia. Nilijifunza haraka.

Sasa kuna mlango mmoja nauweka hapa, mtaelewa baadaye. Jumamosi tarehe 15 Juni. Akafungua dada wa Kinigeria, sare ya wale wanaohudumia wazee, viatu tayari miguuni anakwenda shifti. Kabla sijafika popote akasema pole ndugu yangu, mimi siwezi kupiga kura, niko kwa visa. Nikamwambia hata mimi! Tukacheka. Tukagonga viganja pale mlangoni kama watu waliokutana kijiweni. Nikaandika "hana sifa", nikaenda nyumba inayofuata.

Tarehe 15.

## Jembe na nyumba

Turudi kwa mzee. Aliniingiza ndani, mkewe akaleta chai ya maziwa yenye tangawizi, chevda ya kutafuna, na mihogo ya kukaanga yenye pilipili. Wenyewe wanaita mogo. Kwenye migahawa ya Belgrave Road imeandikwa hivyohivyo kwenye menyu, mogo, na Mwingereza anaagiza bila kujua anaongea Kiswahili.

Kiswahili cha mzee kilikua kimeganda miaka ya sabini. Hakuna "poa", hakuna "freshi". Alinitajia stesheni zote za reli ya kati kutoka Tabora mpaka Kigoma kwa mpangilio, na nilipomwambia kwamba wakati naondoka watu wengi walikua wanasafiri kwa basi alisikitika kana kwamba nimempa habari za mgonjwa.

Baba yake alikua na jengo la ghorofa Tabora. Duka chini, wapangaji juu. 1971 ikatoka sheria, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yakachukuliwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba. Hiyo laki moja mzee aliitamka taratibu kama mtu anayetaja tarehe ya msiba. Mimi utaifishaji niliusoma shuleni, aya ya kukariri, maksi nne kwenye mtihani, na nilizipata zote nne. Sasa nimekaa kwenye kochi la aliyetaifishiwa, nakula mihogo yake, nimekuja kumuomba kura. Nilitamani kusema pole, ila pole ya nani? Mimi nimezaliwa 1998.

Labda aliona, kwa sababu akanipunguzia mzigo. Akasema: "Mimi mwaka sabini nilipiga kura Tabora. Ya ubunge. Mgombea mmoja alama yake jembe, mwingine alama yake nyumba. Nikapigia nyumba." Akanywa chai. "Mwaka uliofuata wakachukua nyumba."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mkewe hakucheka, nadhani kashaisikia mara elfu.

Nikaona hapa hapa. Moyo wake umefunguka, ngoja nimalizie kazi. Nikaweka kikombe chini, nikaangalia chini kidogo kama kawaida yangu. "Sasa mzee, mimi siwezi kupiga kura hapa, lakini wewe..."

"Nani kakwambia huwezi?"

Nikamwambia mimi mwanafunzi, niko kwa visa.

"Pasipoti ya wapi?"

Tanzania.

"Tanzania imetoka Jumuiya ya Madola lini?"

Haijatoka mzee.

"Kibali cha kuishi unacho? Anwani unayo?"

Ninavyo.

"Basi unaweza. Mimi nilimfuata mke wangu hapa mwaka sabini na tano, yeye ndiye alikua na pasipoti ya Kiingereza. Sabini na tisa nikapiga kura hapahapa Leicester na pasipoti yangu ya Tanzania, ile pale kwenye kabati mpaka leo. Umejiandikisha?"

Hapana.

Akamwangalia mkewe. Mkewe ndiye aliyesema, kwa Kiswahili, mara ya kwanza tangu niingie: "Mwisho ilikua Jumanne, mwanangu."

## Sikuuliza

Usiku ule nilisoma kila kitu. Ni kweli tupu. Raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola anayeishi Uingereza kihalali anapiga kura ya bunge, mwanafunzi au si mwanafunzi. Sisi, Wakenya, Waganda, Wanigeria, Wahindi, Wapakistani, Waghana. Mnyarwanda naye yumo, waliingia Madola 2009. Mrundi hayumo, na mimi nikiwa Kigoma Burundi ni hapo tu. Mjerumani aliyeishi Leicester miaka ishirini, ana watoto, analipa kodi, kura ya bunge hana. Mimi wa miezi tisa ninayo. Ni makombo ya himaya yao, walipotawala waliwaita watu wa makoloni yao raia wa mfalme na hiyo sheria haikuwahi kufutika moja kwa moja, imebaki kama msumari ukutani, picha ilishatolewa siku nyingi.

Mwezi wa kumi, nilivyohamia tu, ilikuja bahasha ya halmashauri ya kuandikisha wapiga kura, kwa "mkaaji wa nyumba hii". Mimi nikadhani mkaaji ni mtu mwingine. Niliitupa.

Hiyo ndiyo inayoniuma kuliko yote. Siyo kwamba nilikosea, ni kwamba sikuuliza. Nilifika kwenye nchi ya watu nikajipangia mwenyewe sina haki gani, kwa ukamilifu, bila msaada wa ofisa yeyote, halafu nikatengeneza hotuba kutokana na hilo na watu wakanipenda kwa ajili yake. Sheria za kunibana nilizijua zote, saa ishirini za kazi kwa wiki muhula ukiwa unaendelea, hiyo hata ukiniamsha usiku wa manane nakujibu. Za kunipa? Sikutafuta hata moja.

## Kwamba sasa ni kweli

Jumapili nikamwendea mratibu. Alikua anapanga maboksi. Nikamwambia, ile sentensi si kweli, nilikua naweza. Akachukua simu akatafuta, akasoma, akaweka mkono mdomoni. Hakujua. Naamini hakujua. Akaniomba msamaha, akanikumbatia.

Halafu nikaona macho yake yanapiga hesabu.

"Lakini sasa hivi huwezi, si ndiyo? Hukujiandikisha. Muda umepita. Kwa hiyo unachosema ni kweli."

Nimeigeuza hiyo kauli kila upande na sioni pa kuishika. Yuko sahihi. Kabla ya tarehe 18, ile Jumanne ya mwisho wa kujiandikisha, sentensi yangu ilikua si kweli na mimi naiamini kabisa. Baada ya tarehe 18 ikawa kweli, na mimi ndio nimeanza kuona uongo ndani yake. Maneno ni yaleyale, nukta kwa nukta.

Sikumjibu. Nilichukua rundo langu la vipeperushi nikaondoka, na njiani nikajiapia siitumii tena.

Kiapo kilidumu mpaka Jumanne. Kijana mmoja, mtoto begani, anasema hana muda na wanasiasa, mlango unafungwa, na mdomo wangu ukaenda wenyewe. Siwezi. Wewe unaweza. Macho chini, macho juu. Akasimama akanisikiliza. Nikajisikia vibaya nusu saa hivi, halafu mlango mwingine nikaitumia tena, na safari hii nilijisikia vibaya dakika tano. Mpaka kufika wiki ya mwisho sikua najisikia chochote, nilikua nahesabu milango. Mtu akija kuniambia wanasiasa wanazaliwa waongo nitamwambia hapana, nimeona inavyoanza, inaanza na kitu ambacho ni kweli.

## Tarehe nne Julai

Siku ya kupiga kura nilipangwa nje ya kituo, ukumbi wa kanisa, kuanzia saa moja asubuhi. Kazi ni kukaa kwenye kiti na utepe wako kifuani, mpiga kura akitoka unamuomba namba yake ya kwenye daftari ili ofisini wajue nani kashapiga wasimsumbue tena. Halazimiki kukupa. Pembeni yangu alikaa mama wa chama pinzani na kazi hiyohiyo, kaja na keki, na tulipeana namba tulizokosa, mimi zake na yeye zangu. Nilimpiga picha nikawatumia jamaa zangu Kigoma, hawakuamini kwamba ni mpinzani. Askari sikumuona. Wino wa kidole hakuna. Mbwa nilihesabu kumi na mmoja.

Kwa England huu ulikua uchaguzi mkuu wa kwanza wa kudai kitambulisho chenye picha, na pasi ya basi ya mzee inakubalika ila kitambulisho cha mwanafunzi hakikubaliki. Binti mmoja wa chuo alirudishwa mbele yangu. Akasema anafuata pasipoti nyumbani. Sikumuona tena, labda alirudi nikiwa nimeenda msalani, najipa moyo hivyo.

Saa nne hivi akaja mzee. Sweta ileile. Pasi ya basi mkononi. Alipotoka nikasimama, shikamoo mzee, marahaba. Yule mama wa keki akamuomba namba, akakataa kwa adabu. Nikamuomba mimi kwa Kiswahili, nikitegemea Kigoma na Tabora zitanisaidia. "Namba ni yangu, bwana mdogo," akasema. Akapiga hatua mbili akageuka.

"Wewe bado huwezi?"

Hakua ananidhihaki, nadhani. Kuna watu wana sura isiyokuonyesha.

## 979

Matokeo ya nchi mnayajua. Leicester lakini ilifanya ya kwake. Nchi nzima inaenda kwa Labour, Leicester East wakawapa Conservative, na ndilo jimbo pekee ambalo chama hicho kililinyakua usiku mzima. Leicester South mgombea binafsi, Shockat Adam, akamwangusha mtu aliyekua anategemewa kuingia serikalini, Gaza ikiwa mdomoni mwa kila mtu mitaani kule. Tofauti ya kura 979.

Sisi tulishindwa. Sikulia, nilikua nimechoka tu, nilikula nudo nikalala na viatu.

Ila ile 979 imenikaa. Waliojitokeza nchi nzima ni takriban asilimia 60, chini kabisa tangu 2001. Na Leicester ina vyuo vikuu viwili. Kwenye darasa langu karibu wote ni Wahindi na Wanigeria. Nilianza kuwauliza mmoja mmoja, kama mchezo, je ulipiga? Jibu lilikua lilelile na wote walilisema kwa uhakika uleule niliokua nao mimi. Siwezi, niko kwa visa.

## Dada wa sare

Mwishoni mwa Julai nilirudi kwenye ule mlango. Sikua na utepe wala kipeperushi, nilikua na maneno tu niliyoyapanga njiani: dada, siku ile ulikua na siku tatu za kujiandikisha, na mimi badala ya kukwambia nilikugongea kiganja.

Akanikumbuka. "Mtu wa visa!" Nikamweleza yote, mwanzo mpaka mwisho. Akanisikiliza kaegemea mlango, halafu akasema: "Najua. Nilijua muda wote."

Ulijua?

Barua ilikuja, akasema, na kanisani kwao walitangaziwa. Lakini kibali chake cha kuishi kimefungwa kwenye kazi, kazi ikikatika kibali nacho kina siku zake, na yeye hataki jina lake liwe kwenye daftari lolote ambalo si la lazima. Nikamwambia daftari la wapiga kura halina uhusiano na visa. Akasema inawezekana. Akasema pia wakati alipokua anatafutiwa hii kazi aliambiwa mambo mengi kwamba hayana uhusiano na yakawa na uhusiano.

Sikua na la kumjibu.

Mimi nilikwenda kutubu dhambi, nikakuta dhambi haipo na kilichopo ni kikubwa zaidi. Yeye alisema siwezi akimaanisha sithubutu. Mimi nilisema siwezi nikimaanisha sijui. Yule dada mratibu alisema huwezi akimaanisha muda umepita. Na bibi yangu Ujiji mtu akiumwa alisema "hawezi", basi, fulani hawezi leo, mpelekeeni uji. Nilikua mtoto nikidhani wagonjwa wote wamekatazwa kitu.

## Mama

Sasa nyumbani. 2015 sikupiga kura, nilikua sijafika kumi na nane, hiyo hata mahakamani inasimama. 2020 nilikua nimejiandikisha Kigoma na siku ya kupiga kura nipo Dar natafuta kazi. Watu waliniuliza, nikasema siwezi, nimejiandikisha Kigoma. Walielewa. Kila mtu alielewa, na mimi nikajielewa kuliko wote, hakuna aliyeniuliza kwa nini zile siku za kuhamisha taarifa zilipita nimelala geto. Kwa hiyo nina miaka ishirini na sita na sijawahi kutia alama kwenye karatasi ya kura ya nchi yoyote, nimewahi tu kuwaambia watu wa Leicester wasipoteze yao.

Wakenya wa huku 2022 walipiga kura ya rais wao wakiwa hapahapa Uingereza. Sisi hatuna utaratibu huo. Maana yake nikiwa Leicester naweza kumchagua mbunge wa Leicester na siwezi kumchagua wa Kigoma. Nimelisema hili kwa Watanzania wenzangu kwenye harusi, kwenye foleni ya kuchukua mzigo, wanacheka, wanasema ndio maisha, wananiuliza lini narudi.

Tarehe 20 Julai uboreshaji wa daftari ulizinduliwa Kigoma. Mama alienda, kadi yake ya zamani ilipotea walipohama. Akanitumia picha ya mpya, kaishika karibu na shavu, kidole gumba kimeziba nusu ya jina. Chini yake voisi ya sekunde tisa, kelele za bodaboda nyuma: "Nimepata. Na wewe utajiandikisha lini?"

Nikaanza kuandika. Siwezi mama, niko huku.

Nikaangalia lile neno la kwanza. Nikafuta lote. Safari hii huenda ni kweli kabisa, tena kwa sheria, lakini nilikua sijamuuliza mtu.

Nikaandika: ngoja niulize, mama.

Ikakaa dakika kama mbili hivi, tiki mbili za bluu.

"Umuulize nani?"

Hiyo ilikua mwezi uliopita. Bado sijamjibu.